MWENYE HISABATI DHAIFU AANDALIWE, ASIACHWE
(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Zahanati, hosteli na mashamba ya dayosisi vinahitaji viongozi waliosomea biashara. Lakini wengi wa watumishi wetu wanaofaa walisoma mchepuo wa HGL au HKL, au theolojia, na hisabati waliiacha kidato cha nne wakiwa na alama D au F. Wakitaka kuomba shahada ya uzamili ya biashara, maombi yao huishia kwenye kamati. Tunapoteza watu.

Tutazame kwanza kinachopimwa. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya huomba mtihani wa GMAT au GRE. GMAT ya sasa, iliyoanza mwaka 2023, ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Sehemu ya hisabati ina maswali 21, bila kikokotoo. Hata hivyo, ni hesabu za sekondari: asilimia, uwiano, wastani na aljebra. Kwa mfano, bei ya shilingi 100,000 ikipanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20, hairudi ilipoanza, inakuwa 96,000. Ugumu mkubwa ni muda mfupi, na mtu kusahau alichofundishwa miaka 15 iliyopita.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne.

Kwanza, mwombaji aanze kujifunza mwaka mmoja kabla, saa moja kila siku, akianzia vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili bila kuona aibu.

Pili, atafute ushahidi mpya. Kozi ya uhasibu au takwimu aliyofaulu karibuni huonesha kwamba alama ya zamani si mwisho wa habari. Hapa nchini ipo mitihani ya ngazi za awali ya NBAA.

Tatu, barua za wadhamini zitaje kazi ya tarakimu aliyoifanya: bajeti aliyoandaa, hesabu alizofunga, wakaguzi aliowajibu.

Nne, asiifiche alama mbaya. Aieleze kwa sentensi mbili tatu, kisha aoneshe alichofanya tangu hapo.

Kamati za sharika, tunawaomba msimkatae mtu kwa sababu ya D peke yake. Mpeni sharti la maandalizi, na baada ya mwaka mpime. Akiwa bado hajaweza, msimpeleke. Mwanafunzi anayeshindwa uhasibu muhula wa kwanza hurudi bila shahada, na sadaka za washarika zimekwisha.

Ndugu wafadhili, mwaka wa maandalizi hugharimu kidogo sana kuliko mwaka mmoja wa karo ng'ambo. Tusaidieni kuulipia. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Nasi tuhesabu kabla ya kumtuma mtu, naye tumfundishe kuhesabu.