Mgonjwa Mmoja, Majina Mawili

Msikilizaji, tukisema Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 mwaka 2020, hayo ni makadirio yaliyopigiwa hesabu kwenye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Lyon, Ufaransa. Hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Hesabu ya kweli huanzia kwenye faili. Chukua mama wa Kongwa: anapimwa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, kisha anapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huku ameandikwa Chilongani, kule, Chilongane. Umri, huku miaka 52, kule “mtu mzima”. Mtakwimu asipokuwa makini kapata wagonjwa wawili, na mmoja kawa mkazi wa Ilala, maana ndiko alikofikia kwa mwanawe! Programu ya CanReg, inayotumika katika rejista nyingi za saratani Afrika, huyanusa majina yanayofanana, lakini kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule bado ni kazi ya karani mwenye simu na subira. Sensa ya 2022 imetupa watu 3,085,625 mkoani Dodoma, kwa hiyo kigawanyo cha kupata kiwango cha saratani tunacho. Kinachoyumba ni idadi ya kugawanywa.