Sahihi za Wachezaji Wasiovuma

(Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ipagala, Dodoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya daftari langu la sahihi. Wengine mmelicheka, maana ndani yake hamna nyota hata mmoja wa Simba wala Yanga. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Sahihi za nyota zina watunzaji wengi.

Wenzetu wa Ulaya wana kadi. Kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970. Ujerumani nako vilabu huchapa kadi yenye picha ya kila mchezaji, hata yule wa akiba, ili aitie sahihi na kumpa shabiki. Sisi kadi hizo hatukuwa nazo. Tulikata picha kwenye Uhuru na Mfanyakazi, tukazibandika kwa uji wa unga, kisha tukangoja langoni pa Uwanja wa Jamhuri mpaka wachezaji watoke.

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam. Sasa niambieni, nani hapa atanitajia wachezaji watano wa Mseto? Peter Tino tunamkumbuka kwa bao la Ndola mwaka 1979, lililotupeleka Lagos mwaka 1980. Waliokaa benchi siku ile je? Na hapa kwetu Dodoma tulikuwa na CDA na Waziri Mkuu. Mamlaka ya CDA iliundwa mwaka 1973 ili ijenge makao makuu, ikavunjwa mwaka 2017. Beki wa timu ile, ambaye gazeti halikumwandika, sahihi yake huenda ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba alicheza.

Mwenzetu mmoja, kabla hajahama mjini, alinikabidhi ukurasa wenye sahihi kumi na moja. Saba zinasomeka. Nne ni mikwaruzo mitupu, kama kuku amepita. Nilizunguka nao kwa wazee wawili waliocheza mpira enzi hizo. Mbili wakazitambua papo hapo. Ya tatu waligombana: mmoja alisema ni ya beki wa kushoto, mwingine akaapa kwamba mtu huyo hakuwa mchezaji kabisa, alikuwa mdogo wake golikipa aliyepanda basi la timu! Ya nne hakuna aliyeijua. Wazee wenyewe umri umekwenda, na mmoja wao macho yanamsumbua.

Ndiyo maana nawaomba vijana mkipata sahihi, papo hapo muulize jina linaandikwaje, mliandike chini yake kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe, nafasi aliyocheza na timu waliyopambana nayo. Mfuateni mchezaji mazoezini. Baada ya kufungwa mwacheni apite. Mkipeleka karatasi moja ndani ya chumba cha kuvalia, angalieni sana, maana mara nyingine mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri huwatilia sahihi wenzake wote. Kadi za kununua nazo nyingine zina sahihi ya kuchapwa kiwandani: tazama kwa kioo cha kukuzia, utaona vitone vya chapa badala ya mstari wa wino. Usitumie selotepu, huacha doa la manjano. Usitundike ukutani penye jua, wino wa kalamu ya Biki hufifia. Mchwa wa Dodoma sina haja ya kuwaeleza.

Msiseme hakuna wa kumfuata. Dodoma Jiji iliingia Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Kila msimu kuna golikipa wa tatu ambaye hakudaka hata mechi moja, na kijana aliyeingizwa dakika tano za mwisho. Hao huzungumza na mtu bila haraka, na watashangaa kwamba umewajua kwa jina.

Ule ukurasa nimekuja nao, uko mezani karibu na mlango wa maktaba. Wazee mliokuwa mkienda Jamhuri miaka ile, tafadhali upitieni kabla ya chakula. Sahihi ya nne ni ile ya chini kabisa, upande wa kulia.