Mwanafunzi na Mfanyakazi Anayeishi na VVU: Chuo Kikuu Kina Wajibu Gani?

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo wanaoishi Kondele na mitaa jirani



Kila asubuhi matatu, tuktuk na boda boda hushusha watu karibu na lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi hapa bado wanaiita "Russia". Wapo wagonjwa na jamaa zao. Wapo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno, ambao hujifunzia kazi katika wodi za hospitali hiyo. Na wapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaokuja kuchukua dawa za ARV.

Hapo ndipo pana jambo la kuzungumzia. Kijana ameketi kwenye benchi, kadi ya kliniki mkononi. Ghafla anamwona mwenzake wa chuoni akipita na koti jeupe. Anainuka polepole, anatoka nje, anapanda boda boda na kurudi chumbani bila dawa. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Ameogopa kuonekana, basi. Lakini akikosa dawa leo, na mwezi ujao akaogopa tena, virusi vitaongezeka mwilini na huenda vikawa sugu kwa dawa alizozizoea.

Jambo hili halimhusu mtu mmoja au wawili. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wakiishi na VVU. Katika Kaunti ya Kisumu kiwango kilikuwa asilimia 17.5, Homa Bay 19.6 na Siaya 15.3. Ni kweli kwamba vijana wa umri wa chuo wana kiwango cha chini kuliko wazazi wao. Hata hivyo, hakuna chuo katika ukanda huu wa ziwa kinachoweza kusema kwamba suala hili liko mbali nacho.

Tena wapo wanafunzi waliozaliwa na virusi. Dawa zilipoanza kupatikana katika hospitali za umma miaka ya 2000, watoto wengi waliokuwa wakitarajiwa kufa waliishi. Leo wamefaulu mitihani na wameingia vyuoni. Nyumbani, mama au nyanya ndiye aliyewakumbusha saa ya dawa. Chuoni, kijana huyo anajikuta katika chumba kimoja na wageni watatu, kabati halina kufuli, na chupa ya dawa ikitikisika inapiga kelele.

Wapo watakaouliza: chuo ni mahali pa masomo, kinahusikaje na dawa za mtu? Jibu liko Eldoret. Mwaka 2000, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi alikuwa amelazwa katika hospitali ambayo chuo chake hutumia kufundishia, akiwa karibu kufa kwa Ukimwi. Wakati huo dawa zilikuwa ghali mno kwa Mkenya wa kawaida. Profesa Joe Mamlin wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alimkuta wodini na kuhakikisha dawa zimepatikana. Kijana yule alipona, akarudi kwenye miguu yake, na baadaye akafanya kazi katika mpango uleule uliomwokoa. Mpango huo ni AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa vyuo hivyo na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na ambao tangu hapo umehudumia watu wengi sana magharibi mwa Kenya. Yote hayo yalianza pale ambapo chuo kilikataa kumwacha mwanafunzi wake afe.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi au nafasi ya masomo. Inakataza shule au chuo kumnyima mtu nafasi au kumfukuza kwa sababu tu ana VVU. Inakataza kutoa siri ya majibu yake bila idhini yake. Sheria hiyohiyo iliunda Mahakama Maalumu ya VVU na Ukimwi, ambako aliyebaguliwa anaweza kupeleka malalamiko. Kwa wafanyakazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya hali ya VVU, iwe katika kuajiri, kupandisha cheo au kusimamisha kazi. Ulinzi huo haumhusu profesa peke yake. Mpishi wa mkahawa wa chuo, bawabu na mfagizi wanalindwa vilevile.

Basi chuo kinachotaka kusaidia kifanye nini?

Kwanza, kilinde siri. Faili ya afya ikae kwa wahudumu wa afya, isizunguke katika ofisi za idara. Mwanafunzi akihitaji ruhusa ya kwenda kliniki, barua ya daktari iseme tu kwamba ana miadi ya matibabu. Mhadhiri hana haja ya kujua ugonjwa. Chumba cha ushauri nasaha kisiwekwe kibao kinachomtangaza kila anayeingia. Kiwe mahali ambapo watu huenda kwa mambo mengi, yakiwemo msongo wa mawazo, karo na uzazi, ili anayeingia asijulikane ameendea lipi.

Pili, dawa zifuate ratiba ya masomo. Mtu ambaye matibabu yake yanakwenda vizuri anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Hivyo mwanafunzi hana haja ya kuchagua kati ya mtihani na miadi, mradi ameeleza mapema. Kabla ya kwenda likizo au mafunzo ya nyanjani katika kaunti nyingine, zahanati ya chuo imsaidie kupata barua ya kuhamisha huduma.

Tatu, malazi. Kabati lenye kufuli ni msaada mkubwa kuliko hotuba kumi. Nao wanaolala chumba kimoja waelezwe ukweli: VVU haviambukizwi kwa kutumia sahani, ndoo, choo au shuka za mtu. Zaidi ya hayo, mtu anayemeza dawa ipasavyo, na vipimo vikaendelea kuonyesha kwamba virusi havionekani katika damu yake, hawaambukizi wapenzi wake kupitia ngono. Utafiti wa PARTNER uliofanywa Ulaya uliwafuatilia wapenzi wengi wa aina hiyo na haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliye katika hali hiyo.

Nne, mfanyakazi asaidiwe kubaki kazini. Msimamizi anaweza kumpa kazi nyepesi kwa muda anapougua, au kumbadilishia zamu ya usiku inayovuruga saa zake za dawa. Hayo yafanywe kama yanavyofanywa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, bila minong'ono.

Tano, wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanastahili ulinzi wao. Anayechomwa na sindano wodini lazima ajue pa kukimbilia saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Pia, wanafunzi hao wakumbushwe kwamba koti jeupe ni kiapo. Ukimwona mwenzako kwenye foleni, hukumwona.

Vyuo vya umma vimezoea kuripoti shughuli za VVU katika mikataba ya utendakazi. Ni vizuri. Lakini idadi ya kondomu zilizogawanywa na fulana zilizochapishwa haitoshi. Ripoti ijibu pia: je, mwanafunzi aliyekuwa akitumia dawa alipoingia mwaka wa kwanza bado anazitumia mwaka wa nne?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Huduma nyingi za VVU nchini zilitegemea fedha hizo, na wafanyakazi wa kliniki waliathirika. Chuo kilichowaachia wafadhili kila kitu kimejifunza kwamba mgeni anaweza kuondoka bila kuaga. Mambo mengi yaliyotajwa hapa, kama barua yenye staha, kufuli la kabati na mhadhiri asiyedadisi, hayahitaji mfadhili.

Zamani mtu akikonda, wengi katika jamii hii ya ziwa walisema ni chira, na watu walizikwa bila kutibiwa. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo haimlazimishi mtu kujitangaza sokoni Kibuye. Inamtaka asimfiche mganga wake. Ili amweleze mganga bila hofu, sisi wengine tunapaswa kufunga midomo.

Kwa hiyo, wewe ambaye hujapima, nenda ukapime. Ambaye umeacha dawa, rudi kliniki. Eleza ukweli, utapokewa. Na wewe unayeishi naye chumba kimoja, ukisikia chupa ikitikisika saa tatu usiku, endelea kusoma kitabu chako.