Baridi ya Londiani na Lita ya Petroli

Wanabodaboda wengi huamini kwamba ukijaza petroli alfajiri unapata nyingi kuliko anayejaza saa saba mchana. Tuliangalie jambo hilo.

Petroli huvimba ikipata joto, hunywea ikipoa. Kila nyuzi moja ya selsiasi ikiongezeka, ujazo huongezeka kwa takribani asilimia 0.1. Pampu haijali joto hilo. Inahesabu ujazo tu, ilhali nguvu ya injini hutokana na uzito wa mafuta. Lita iliyopoa, basi, ina petroli zaidi ndani yake.

Lakini tangi la kituo limefukiwa ardhini, na udongo haupati joto wala kupoa kwa saa chache. Petroli ya alfajiri na ya mchana zinakaribia kuwa sawa. Usikatize usingizi kwa ajili hiyo.

Tofauti yenyewe ni ya mahali. Hapa Londiani, Kericho, tuko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Tuseme tangi la hapa lina nyuzi 17 na la Mombasa 29: hiyo ni asilimia 1.2. Ukinunua lita 20 hapa, una karibu robo lita ya ziada kuliko mwenzako wa pwani. Nayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli inayotangaza bei za juu za mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, hupanga bei kwa lita, baridi au joto.

Mwenye kituo ndiye mara nyingine huumia, na hatumfikirii. Akihesabiwa lita 10,000 zenye nyuzi 27 kwenye bohari huko Kisumu, zikapoa hadi 17 tangini mwake, zinabaki kama 9,900. Hakuna aliyeiba hizo 100. Ndiyo maana kampuni kubwa zikiuziana mafuta husawazisha hesabu kwa joto maalum, nyuzi 15 au 20. Kule Canada hata pampu nyingi za rejareja hufanya hivyo.

Pampu mbovu inaweza kukupunja kuliko hali ya hewa yoyote. Kabla bomba halijaingia tangini, hakikisha tarakimu ziko sufuri, na utazame kama kuna muhuri wa Idara ya Vipimo.

Na wewe unayebeba petroli ya mashine ya kuchunia chai: usijaze jerikeni hadi shingoni asubuhi yenye baridi. Jua likiipiga, itavimba na kutafuta njia kwenye kifuniko.