Nani Alivuta Waya?

Msikilizaji, tangazo la juma hili umelisikia, hatuna haja ya kulirudia: anayeweka umeme nyumbani atumie fundi mwenye leseni, na vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, wachukuliwe hatua. Sawa. Si mara ya kwanza kulisikia. Redio hii haigombani na tangazo. Tunauliza swali moja, lile lile tunalouliza kila moto unapozimwa: nani alivuta waya?

Maana nyumba ikiungua, jibu ni lile lile. Hitilafu ya umeme. Chumbani, hitilafu ya umeme. Dukani, hitilafu ya umeme. Bwenini, hitilafu ya umeme, na jalada linafungwa. Umeme haujipitishi wenyewe darini, jamani. Kuna mtu alipanda na koleo. Nani alivuta waya?

Aliyewahi kujenga anajua. Ili TANESCO wakufungie meta ya LUKU, fomu inataka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Utaratibu mzuri huo. Lakini mtaani kijana anapiga wayaringi kwanza, halafu ndipo muhuri unatafutwa, na muhuri unanunuliwa. Anayeugonga hajui nyumba iko wapi wala ina vyumba vingapi. Meta inafungwa, taa zinawaka, vigelegele vinapigwa. Kazi ya mmoja, muhuri wa mwingine.

Fungueni soketi moja ya nyumba kama hiyo, mkiwa mmezima mein switchi. Mtauona waya wa kijani na njano, ule wa ethi, umekunjwa na kuzungushiwa seloteipu, haujaungwa popote. Tundu la tatu la soketi limebaki pambo. Nje hakuna fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini. Mama akishika friji ikamtekenya vidole, anaambiwa avae kandambili. Kandambili! Siku waya wa moto utakapogusa bati la friji hiyo, mtoto aliyetoka kuoga hatakuwa na kandambili.

Na huko darini? Hita ya kuogea ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22, nayo imeungwa kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, waya wa taa. Sakiti breka inakata, maana ndiyo kazi yake. Fundi anaitwa, anasema breka ni mbovu, anaweka kubwa zaidi. Sasa haikati tena. Badala yake waya unachemka, juu ya mbao kavu, saa ambayo nyumba nzima imelala.

Hofu yetu leo ni kubwa kuliko zamani. Nyumba nyingi zilipigiwa wayaringi kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu. Sasa mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na umeme umo. Tunaunga mkono, mkaa umetumalizia misitu. Ila jiko linachomekwa wapi? Kwenye ekstensheni yenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu, pamoja na friji na televisheni! Kijijini kuunganishwa umeme ni shilingi 27,000, lakini wayaringi ni mzigo wa mwenye nyumba, na hapo ndipo kishoka anapokaribishwa.

Hatuwatukani vijana wanaovuta waya. Wengine wamepita VETA na mikono yao ni hodari. Wafunguliwe njia ya kupata leseni. Tunayemlaumu ni mwenye muhuri. Huyu ni hatari kuliko kishoka, kwa sababu ndiye anayemfanya mwenye nyumba alale usingizi. Tangazo limemtaja? Halikumtaja. Vishoka, vishoka, vishoka. Mwenye muhuri, kimya. EWURA iliyompa leseni inaweza kuifuta. Nyumba ikiungua, fomu itolewe kabatini, jina lililo kwenye muhuri lisomwe, na mwenye jina aulizwe: uliingia nyumba hii lini?

Na ninyi wenye nyumba, amkeni! Mmeweka marumaru za bei sebuleni, mkabania hela ya waya. Wapangaji, acheni kurundika majiko kwenye soketi moja! Breka ikikata, usiongeze breka, punguza mzigo. Friji ikikutekenya, usinunue kandambili, tafuta ethi. Moto wa umeme ukizuka, usiumwagie maji. Zima mein switchi kama unaifikia, toa watu nje, piga 114. Na kabla hujalipa, mwambie mwenye muhuri aje mwenyewe, apande darini na tochi, afungue soketi mbele yako, apime ethi ukiona. Asipokuja, usiuchukue muhuri wake na usimpe hata senti.