Kupiga Picha ya Umeme wa Radi

Wakazi wa Kimilili hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Majira ya mvua, asubuhi anga huwa safi na Mlima Elgon huonekana wazi. Lakini ifikapo alasiri mawingu meusi hukusanyika juu ya mlima, na kabla ya usiku kuingia ngurumo husikika toka Kapsakwony hata Kamukuywa. Siku hizi vijana wengi wana kamera, au simu yenye kamera ndani yake, na hutamani kuunasa umeme katika picha. Jambo hilo lawezekana, wala halihitaji fundi mkubwa. Lakini lina masharti yake, na lililo kubwa ni kuulinda uhai wa mpiga picha mwenyewe.

Wengi hungoja umeme umulike, ndipo wabonyeze. Hapo wamekwisha kuchelewa, maana kwa kawaida umeme humalizika kabla ya nusu sekunde kupita. Mpiga picha stadi hufanya kama mvuvi ategaye mgono mtoni: hamkimbilii samaki, bali humtegea njiani. Yafaa angoje mpaka giza liingie, aiweke kamera juu ya miguu mitatu isitikisike, aielekeze upande wa tufani, na kuilenga lenzi mbali kabisa. Kisha hufungua mlango wa lenzi kwa sekunde 20 au 30, akaufunga, akaufungua tena. Tundu la lenzi huwekwa penye namba 8, na wepesi wa kupokea mwanga penye 100. Umeme ukipita wakati mlango u wazi, hujichora wenyewe. Picha nyingi zitatoka nyeusi tupu, wala asife moyo. Mwenye simu aweza kupiga sinema ya tufani, kisha achague humo picha moja iliyo nzuri.

Picha za namna hii zimewafundisha watu mengi. Zamani wachoraji walichora umeme kama meno ya msumeno. Huko Philadelphia, Marekani, William Jennings alifaulu kuupiga picha mwaka 1882, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kufanya hivyo. Ikaonekana kuwa umeme una matawi kama mto na vijito vyake. Mwaka 1900 Charles Vernon Boys wa Uingereza alibuni kamera yenye lenzi zinazozunguka. Kwa kamera ya aina hiyo Basil Schonland na wenzake, huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930, walitambua kwamba mwanga hafifu hutangulia kushuka toka wingu hatua kwa hatua, na ukikaribia ardhi, mwako mkali hupanda juu kwa njia ile ile. Wazee wa Abaluhya walisimulia habari za jogoo mkubwa mwekundu akaaye mawinguni: akipiga mabawa, umeme humulika, akiwika, radi hunguruma. Hata wazee hao walijua kuwa jogoo huyo si wa kuchezewa.

Tarehe 28 Juni 2011, radi iliipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, nchini Uganda, ikawaua wanafunzi 18. Paa peke yake si ngao, ikiwa nyumba haina nyaya za kuipeleka nguvu ya radi ardhini. Mahali pa salama zaidi ni jengo kubwa la kudumu lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji kutani, au motokaa yenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Mpiga picha na akae ndani, nyuma ya kioo, azime taa ili kioo kisirudishe mwanga wake, wala asiguse bomba wala waya. Asisimame chini ya mti, wala uwanja wa mpira, wala barazani.

Tena ajifunze kuhesabu. Umeme ukimulika, aanze kuhesabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa pungufu ya 30, tufani iko ndani ya kilomita 10, na radi yaweza kumfikia hata kama hapo aliposimama mvua haijanyesha. Aingie ndani mara moja, kamera aiache kama haibebeki upesi, wala asitoke mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho.

Kwa kuwa picha hii hupatikana kwa subira, si kwa mbio, hakuna haja ya mtu kuifuata radi shambani. Dirisha moja lielekealo mlima latosha. Picha iliyokosekana leo yaweza kupatikana kesho, maana mvua za Elgon hurudi kila mwaka. Lakini mtu akipotea, harudi.