KIWANJA CHA NDEGE NA BEHEWA TUPU

(Maneno ya mwanachama mmoja wa yadi ya Nakuru, mkutanoni Kuresoi)



Nimeombwa niseme juu ya viwanja vya ndege, na naona wengine mmeanza kucheka. Mtu wa reli na ndege wapi na wapi? Kazi yangu ni kufunga na kufungua mabehewa, na masomo yangu ni yale ya shule ya msingi ya misheni basi. Lakini mzigo ni mzigo, uende kwa gurudumu au kwa bawa, na hesabu ya kugawanya nilifundishwa.

Habari yenyewe mnaijua. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba kiwanja cha Lanet, kilicho katika kambi ya jeshi karibu na Nakuru, kipanuliwe kipokee ndege za abiria na za mizigo. Tangu Nakuru ipewe cheo cha jiji, Desemba 2021, maneno hayo yamepata nguvu. Nimemsikia hata mtu mmoja akiwaambia wakulima wa huku kwamba viazi vyao vitapanda ndege.

Ndugu zangu, kiazi hakipandi ndege. Gunia ni zito na bei yake ni ndogo. Nauli italila gunia na shamba juu yake. Chai yetu nayo huuzwa mnadani Mombasa, na kule hupakiwa melini. Mzigo wa ndege ni ule mwepesi, wa bei kubwa, usioweza kungoja: maua ya Naivasha, maharagwe machanga, minofu ya samaki wa Ziwa Viktoria. Na maua ya Naivasha yana barabara mpaka Embakasi, ambako ndege ni nyingi, hata zile za abiria huyabeba tumboni mwake. Mwenye maua atageuza gari lake arudi nyuma mpaka Lanet kwa sababu gani? Aulizwe yeye kwanza, kabla lami haijamwagwa.

Yadini kuna kitu tunachokichukia, nacho ni behewa tupu. Injini hulivuta, hula mafuta, breki huchakaa, na senti haiingii. Hayo ndiyo yaliyopata kiwanja cha Eldoret. Kilifunguliwa mwaka 1997, wakati wa Rais Moi, na njia yake ya kurukia ni kilomita 3.5. Wafadhili wa nje walikipinga, na watu wengi wa Kisumu waliuliza kwa nini si kwao. Sisemi kwamba ndege hazikuja. Zilikuja, zikaleta bidhaa kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali. Lakini mara nyingi ziliondoka tupu, maana mali ya sehemu zile ni mahindi na ngano. Kisumu, penye samaki, walingoja mpaka mwaka 2011 ndipo kiwanja chao kikapandishwa kuwa cha kimataifa.

Isiolo nao walifunguliwa chao mwaka 2017. Watu waliambiwa habari za miraa na nyama kwenda ng'ambo. Njia ya kurukia ni kilomita 1.4! Ndege kubwa ya mizigo itaondokaje hapo?

Na urefu huo si jambo dogo katika nchi yetu ya juu. Mnajua treni inavyohema kupanda Mau Summit. Ndege nayo, hewa ikiwa nyepesi, hupungukiwa nguvu, hutaka njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Kisumu ni kama mita 1,150 juu ya bahari, Lanet ni karibu 1,900. Kwa hiyo njia ndefu Lanet itahitajika, na njia ndefu ni ardhi.

Hapo ndipo nataka wazee wanisikilize. Sisi watu wa Kuresoi habari ya kuhamishwa hatukuisoma gazetini. Ya mwaka 1992 na ya 2008 tunayo miilini. Kule Kanada, karibu na Montréal, serikali ilichukua ekari kama 97,000 za wakulima kwa ajili ya kiwanja kiitwacho Mirabel. Kikafunguliwa mwaka 1975. Kilikuwa mbali na mji, na reli iliyoahidiwa kukiunganisha haikujengwa kamwe. Mwaka 2004 abiria wa mwisho akaondoka, na baadaye jengo lenyewe likabomolewa. Hata kwetu, reli mpya ya mwaka 2017 ilifika Syokimau, jirani kabisa na Embakasi, isiingie uwanjani.

Sikatai Lanet. Mgonjwa wa kupelekwa upesi apate ndege, na mtalii ashukie Nakuru, ni vyema. Kiwanja cha kadiri hiyo kinaweza kujilisha. Ninachokataa ni kukijengea mzigo usiokuwapo, huku mzigo uliopo unaoza. Mwaka jana, mvua za Aprili, ndugu yangu wa Keringet alikaa siku nne kando ya barabara na magunia thelathini, lori likiwa limezama matopeni. Alipofika Molo mnunuzi alikwisha kwenda. Na stesheni ya Molo ipo, na treni ya Kisumu ilirudishwa Desemba 2021. Nani amepiga hesabu ya kuweka ghala pale?

Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya kusikilizwa kabla fedha zetu hazijatumika. Basi katibu ameandika barua ya maswali manne: ndege itaondoka na mzigo gani, wa nani, kwa nauli gani, na ardhi ya nyongeza itatoka wapi. Barua iko pale mezani, na kalamu ipo. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, wino umeletwa. Gari la kurudi Molo litaondoka saa kumi na moja, nalo halitangoja mtu.